Mimba 27

Jibu lililobadili unga wa ngano katika nchi nyingi duniani lilitoka kwenye mimba 27 tu. Katika mimba hizo, mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto haukufunga inavyotakiwa, kasoro ambayo sura yake inayojulikana zaidi kwetu ni ya mtoto mwenye mgongo wazi. Sita zilikuwa za akina mama waliopewa asidi ya foliki. Nyingine 21 zilikuwa za wasiopewa. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet, Julai 1991, na kila ninapoyarudia navutiwa na jinsi swali lilivyopangwa kuliko hata jibu lenyewe.

Ugumu wa swali uko kwenye kalenda. Mrija ule hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona siku zao zimechelewa. Kliniki hata hawajaifikiria. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua kama chakula cha mama kinahusika hana budi kumpata mwanamke huyo kabla hajawa mjamzito, kisha asubiri.

Fununu zilikuwapo siku nyingi. Kuanzia 1928, daktari Mwingereza Lucy Wills alikuwa Bombay akichunguza upungufu wa damu kwa wajawazito maskini, wakiwamo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aligundua kwamba hamira, hata ile ya kupaka kwenye mkate iitwayo Marmite, iliwarudishia damu. Kilichomo ndani yake kilikuja kutambuliwa baadaye kuwa ni foliki. Mwaka 1965, huko Liverpool, Elizabeth Hibbard na Richard Smithells wakaripoti kwamba akina mama waliozaa watoto wenye kasoro hizo walionekana, kwa kipimo cha mkojo, kuwa na hitilafu katika matumizi ya foliki mwilini.

Smithells akahamia Leeds na swali lake. Alitaka kulijaribu kwa kura, wengine wapewe vitamini na wengine wasipewe, lakini kamati za maadili zikakataa. Akafanya alichoruhusiwa: akawapa vitamini wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro na waliokuwa wakipanga kuzaa tena, kisha akawalinganisha na wenzao ambao hawakutumia, wengi wao kwa kuwa walikwisha kushika mimba. Mwaka 1980 akatoa hesabu. Kati ya watoto 178 wa waliotumia vitamini, mmoja alikuwa na kasoro. Kati ya 260 wa wasiotumia, 13.

Nani asingeshawishika? Mimi ningeshawishika papo hapo. Ila wapinzani walikuwa na hoja isiyoondoka kwa takwimu nzuri. Mwanamke anayepanga mimba yake mapema na kumeza vidonge bila kukosa huenda anatofautiana na mwenzake kwa mengi: kipato, mlo, elimu, mtaa anaokaa. Unajuaje kwamba kilichomkinga mtoto ni vitamini? Na kama ni vitamini, ni ipi? Dawa ya Smithells ilikuwa na vitamini kadhaa pamoja.

Hapo ndipo Nicholas Wald wa London na wenzake, chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walipoonyesha ufundi wao. Walianza Julai 1983. Waliwachukua wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo, kwa sababu hatari kwao ni kubwa zaidi, na hivyo jibu lingeweza kupatikana kwa watu wachache. Kila mmoja aliangukia kwa kura katika kundi moja kati ya manne. La kwanza lilipata foliki peke yake, miligramu 4 kwa siku. La pili, foliki pamoja na vitamini nyingine. La tatu halikupata foliki wala vitamini hizo. La nne lilipata vitamini nyingine bila foliki. Kapsuli zote zilifanana, na zote zilikuwa na madini ya chuma na kalsiamu. Mama hakujua kapsuli yake ina nini, na daktari wake naye hakujua.

Tazama sasa mpango huo ulivyozaa. Waliopewa foliki peke yake: kasoro 2 kati ya mimba 298. Foliki na vitamini nyingine: 4 kati ya 295. Wasiopata hata kimoja: 13 kati ya 300. Vitamini nyingine tu: 8 kati ya 302. Ukijumlisha makundi mawili ya foliki unapata 6 kati ya 593, dhidi ya 21 kati ya 602. Kinga ya asilimia 72. Halafu unazichukua mimba zilezile 27 na kuzigawa upya, safari hii kwa vitamini nyingine: 12 kwa waliozipata, 15 kwa wasiozipata, tofauti ndogo isiyothibitisha kitu. Utafiti mmoja umejibu maswali mawili, na hakuna mwanamke aliyesajiliwa mara mbili. Fundi mwashi akishusha timazi ukutani, ubishi kuhusu jicho la nani linaona vizuri huisha. Kura ile ilifanya kazi hiyohiyo.

Ilichukua karibu miaka minane, vituo 33, nchi saba na wanawake 1,817, na katika kazi hii hakuna njia ya kuharakisha. Kamati ya wasimamizi ilikuwa ikipitia hesabu kwa siri, na Aprili 1991 ikaamua kwamba jibu limetosha, jaribio lisimamishwe kabla ya kufikia mimba 2,000 zilizokusudiwa. Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba kumnyima mwanamke yeyote vitamini ni dhambi. Hoja hiyo siidharau, kwa maana zile 21 zilikuwa mimba za watu waliotamani mtoto mzima. Hata hivyo naamini Wald alikuwa sahihi. Bila kundi la kulinganisha, tungekuwa bado tunabishana, na hakuna serikali ambayo ingethubutu kugusa unga wa watu wake.

Kisukari kilidai ufundi mwingine. Mama mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa anakabiliwa na hatari ya kasoro za mgongo na moyo katika majuma yaleyale ya mwanzo, lakini huwezi kumpigia mtu kura ya kuwa na sukari ya juu. Watafiti wa Boston walitumia kipimo cha HbA1c, kile ambacho wagonjwa wetu hukiita sukari ya miezi mitatu, kwa kuwa damu hutunza kumbukumbu ya sukari ya majuma yaliyopita. Mwaka 1981 waliripoti kuhusu wanawake 116. Waliokuwa na kipimo cha hadi 8.5 mwanzoni mwa mimba, asilimia 3.4 walipata mtoto mwenye kasoro kubwa. Waliozidi hapo, asilimia 22.4.

Na mpango wa makundi manne umefika hadi kwetu. Kuanzia 1995, Wafaie Fawzi wa Harvard, Gernard Msamanga wa Muhimbili na wenzao walisajili wajawazito 1,075 wenye VVU jijini Dar es Salaam na kuwagawa vilevile: vitamini A, mchanganyiko wa vitamini nyingine, vyote viwili, au bila hata kimoja. Waliopata mchanganyiko walipoteza mimba 30, wasioupata 49. Vitamini A, ambayo ilitarajiwa mengi, haikuleta tofauti hiyo.

Marekani ililazimisha foliki katika unga wa nafaka mwaka 1998. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi mwaka 2011, na viwanda vikubwa vya ngano vinaweza kuzifuata bila shida. Lakini ugali wa familia nyingi hutoka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, ambako mahindi huingia na kutoka bila kuongezwa chochote. Vidonge vya damu vya kliniki vina foliki, ila huja baada ya kadi kufunguliwa, na siku zile 28 huwa zimekwisha kupita zamani.

Kwa hiyo, dada unayepanga kushika mimba, usingoje kliniki: anza foliki sasa, mikrogramu 400 kila siku, uendelee hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au una kisukari, muone daktari kwanza, maana dozi yako huenda ni kubwa zaidi, na sukari yapasa kushuka kabla ya mimba kuingia.