Serumaga na mchezo usiosema kitu

Robert Serumaga alisoma uchumi Trinity College, Dublin, lakini alichotuletea Uganda ni tamthilia. Ukisoma Majangwa, ya 1971, utaona Samuel Beckett wa Ayalandi amepita hapo: watu wawili kando ya barabara, maneno mengi, hakuna pa kwenda. Ila wawili hawa ni mpiga ngoma na mke wake Nakirijja, wenye walishafika hatua ya kuonyesha mambo ya chumbani mbele ya umati ili wapate hela. Njaa hiyo ni ya kwetu kabisa.

Baadaye akaanza kupunguza maneno. Renga Moi ya 1972 ilichanganya lugha, ngoma na densi. Amayirikiti ya 1974, yenye jina la ule mti wa maua mekundu, ilikuwa miili na sauti tu. Amin alikuwa madarakani. Askari atakamata sentensi gani kama hakuna sentensi? Haikuwa woga wa bure: Byron Kawadwa, mwandishi mwenzake aliyeongoza National Theatre, alichukuliwa 1977 akauawa.

Kuna wenye wanasema Serumaga alijificha, ati mchezo usiosema unawafaa wasomi na wageni wa Ulaya. Mimi nabisha. Hapa Kampala nafanya maigizo na vijana wa Kilingala, Kisomali, Kitigrinya. Mara nyingi tunapewa ujumbe kwanza, nawa mikono, usiolewe mapema, halafu tunatafuta mtu wa kuusema. Watu wanapiga makofi, wanachukua soda, wanaenda. Siku moja nikawaambia: leo hakuna kuongea, onyesheni mpaka. Msichana mmoja alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. Chumba kizima kikanyamaza, na hakuna aliyeomba mkalimani.

Lakini kuna hasara, na hapo namlaumu kidogo. Majangwa naweza kuifungua leo na kubishana nayo. Amayirikiti ilikaa kwenye miili ya kundi lake, Abafumi, na miili hiyo ikatawanyika. Yeye mwenyewe alienda kupigana na Amin, 1979 akawa waziri wa biashara kwenye serikali ya Lule iliyodumu siku 68, na 1980 akafia Nairobi.

Yule msichana wa mkeka ameshahamishiwa Canada. Zoezi lake sikuliandika popote.