Mkono wa Mnakili

Mnakili wa nota bado hajasifiwa inavyompasa. Mtunzi huachiwa jina, mwimbaji hupigiwa makofi, lakini aliyeketi na wino akihamisha nota kutoka karatasi inayooza kwenda karatasi mpya hakuna anayemuulizia. Mashariki mwa Bolivia, katika nchi ya Wachiquitano na Wamoxo, watu wa namna hiyo ndio waliouvusha muziki wa Baroko hadi zama zetu.

Muziki huo uliingia na Wajesuiti. Misheni ya San Javier ilianzishwa mwaka 1691, na nyingine zikafuata. Humo walikusanywa watu wa lugha nyingi, baadhi wakiwakimbia wawindaji wa watumwa waliotoka upande wa Wareno, na desturi zao nyingi zikavunjwa. Uzuri wa wimbo haufuti jambo hilo. Mwaka 1730 alifika Martin Schmid, padri Mswisi, akajenga makanisa, akaunda vinanda na fidla, akawafundisha wenyeji ufundi huo. Nyimbo za Domenico Zipoli, Mwitalia aliyefariki Córdoba mwaka 1726, nazo zikavuma katika makanisa hayo. Kisha mwaka 1767 mfalme wa Hispania akaamuru Wajesuiti wafukuzwe.

Walimu wakaondoka, karatasi zikabaki mikononi mwa wenyeji. Nota za wakati ule hazikupangwa zote kwenye ukurasa mmoja: kila sauti ilikuwa na karatasi yake, ya kwanza, ya pili, ya besi, ya fidla. Karatasi moja ikiliwa na wadudu, sauti moja inanyamaza na misa nzima inalemaa. Na nyanda zile zina joto, mvua na mchwa wasiochoka. Mnakili hakuweza kungoja kitu kiharibike ndipo aamke. Ilimbidi auwahi wino kabla haujafifia. Mkono wake ulitakiwa kutii kila alama, kwani nukta moja ikiachwa kando ya nota, urefu wake hubadilika na waimbaji hupotezana. Huhitaji kipaji cha kutunga kwa kazi hiyo. Unahitaji utiifu ambao mimi nauona ni mgumu kuliko kipaji, maana anayenakili hujinyima hata raha ya kuongeza chake. Huko San Ignacio de Moxos, wanamuziki wenyeji waliendelea kunakili hadi karne ya 20.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema muziki huu ulisahauliwa. Ulisahauliwa mijini na vyuoni. Hans Roth, msanifu majengo kutoka Uswisi, alipoanza kuyakarabati makanisa ya Chiquitos, nchi ya Wachiquitano, mwaka 1972, nota zilikuwako San Rafael na Santa Ana: zaidi ya kurasa 5,000, ambazo sasa zimehifadhiwa Concepción. Padri Piotr Nawrot, Mpolandi, ametumia miaka mingi kuzikutanisha sauti zilizotengana na kuzichapisha. Tangu mwaka 1996 kuna tamasha la kimataifa, kila baada ya miaka miwili, na wapigaji kutoka Ulaya husafiri hadi makanisa hayo hayo kuupiga muziki huo.

Napenda tamasha, lakini napenda zaidi yanayofanyika nje ya msimu wake. Urubichá, kijiji cha Waguarayo kilichokuwa misheni ya Wafransisko, kina shule ya muziki na okestra ya vijana, na mafundi wanaochonga fidla kwa mbao za misitu yao. Wamoxo nao bado wanapuliza bajones, mirija mirefu ya majani ya mnazi-pori iliyofungwa pamoja, yenye sauti nzito ya besi. Hao hawafufui chochote. Wanaendelea na kazi ya nyumbani.

Katika karatasi ya tamasha, jina la Zipoli huchapwa juu ya misa yake, na ni haki yake. Ningependa chini yake pachapwe kijiji ambamo nakala ile iliandikwa, na jina la mnakili kila linapojulikana, kwa herufi za ukubwa uleule.