Ufundi wa Kukarabati Nyumba ya Udongo Bondeni Kilombero

Ukarabati wa nyumba ya udongo ni ufundi usiohesabiwa miongoni mwa ufundi, kwa kuwa hauna cheti wala bei iliyoandikwa, na mara nyingi hauna fundi anayetajwa kwa jina. Hata hivyo, katika bonde la Kilombero, na hasa katika vijiji kama vya Mbingu vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, kando ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ndio ufundi unaoiwezesha nyumba ya miti na udongo kumfaa aliyeijenga na wanawe baada yake, badala ya kulala chini baada ya masika machache. Nyumba inayozungumziwa ni ile ambayo ukuta wake, yaani kiambaza, hutengenezwa kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini na kufungwa fito za kulala pande zote mbili, kisha uwazi uliobaki kati ya fito hizo ukajazwa udongo uliokanyagwa. Paa lake zamani lilikuwa la nyasi na siku hizi mara nyingi ni la mabati.

Kazi hufuata kalenda ya mpunga. Mavuno yakishaingia na mvua ikakatika, chakula kipo, mikono ipo, na udongo hukauka vizuri. Ukaguzi hauanzii kwenye nyufa zinazoonekana na kila mpita njia, bali kwenye mguu wa nguzo, pale inapoingia ardhini, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana, kuoza huanza na mchwa hupata mlango. Mzee anayeijua kazi hugonga nguzo kwa kisigino cha panga na kusikiliza, kwani iliyo nzima hulia kwa ukavu na iliyoliwa ndani hutoa sauti ya kitu kitupu. Nguzo mbovu hubadilishwa bila kuezua nyumba nzima: mwamba, yaani mti uliolazwa juu ya ukuta kubeba paa, hutegemezwa kwa miti ya muda, udongo hubomolewa upana wa nguzo moja, kisha nguzo mpya huingizwa ikiwa imebabuliwa kwa moto au kupakwa oili chafu sehemu itakayozikwa. Hapa ndipo ustadi mkubwa ulipo, kwa kuwa anayebadilisha nguzo mbili jirani kwa pamoja huweza kuliangusha paa juu ya waliokuja kumsaidia.

Baada ya miti hufuata udongo. Ule wa kichuguu hupendwa kwa kuwa hushikana vizuri, lakini ukiwa na mfinyanzi mwingi mno hupasuka unapokauka, na kwa hiyo huchanganywa na mchanga na mabua au pumba za mpunga, hukanyagwa, huachwa ulale, kisha hukanyagwa tena. Kukandika, yaani kuujaza ukuta, ni kazi ya nguvu; kusiriba, yaani kuulainisha kwa tabaka jembamba la udongo uliochekechwa, ni kazi ya kiganja, na kiganja kizuri hujulikana mtaa mzima. Wapo wanaodhani kwamba njia ya mkato ni kupiga ripu ya saruji juu ya udongo. Ni kosa la gharama kubwa, kwani udongo hutanuka na kusinyaa kwa namna ambayo saruji haiwezi kuifuata, maji hunaswa nyuma ya ripu, na baada ya muda ripu hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua jambo hilo kwa upande wa kuta za mawe ya matumbawe, ambazo huhitaji chokaa inayopitisha unyevu.

Wasaidizi hawalipwi. Utaratibu huu wa ujima, yaani kufanya kazi kwa zamu kwa ajili ya kila mmoja, huendeshwa kwa wali, kitoweo na deni lisiloandikwa, na asiyefika kwa mwenzake hukandika peke yake. (Mjuzi wa kuelekeza akiwa amekaa kivulini hakosekani, naye hula kama wengine.) Haifai kuusifu ujima bila kutaja kwamba maji ya kukandikia, ambayo ni ndoo nyingi mno, kwa kawaida huchotwa na wanawake, ambao pia hupika na kusiriba. Mjini Djenné, nchini Mali, msikiti mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 husiribwa na wakazi wenyewe kwa pamoja, na dunia nzima huenda kuutazama. Ufundi wa Mbingu ni ndugu wa ule, ila haupigwi picha.

Bondeni Kilombero ukarabati una jambo moja zaidi la kuamuliwa, nalo ni uwazi ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa. Wazee waliuacha ili moshi utoke na hewa ipite, lakini mbu waenezao malaria hupita hapo hapo usiku, jambo lililochunguzwa kwa kina na Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa mjini Ifakara mwaka 1957. Kuuziba wote kwa udongo huifanya nyumba ya bati kuwa tanuri. Wavu uliokazwa vizuri kwenye upenu na madirishani, pamoja na jiko kuhamishiwa nje, ni suluhisho lililo ndani ya uwezo wa mwenye nyumba na rafiki zake.

Takwimu za makazi huziainisha nyumba kwa vifaa vya paa, kuta na sakafu, na kwa kipimo hicho nyumba ya udongo huwekwa daraja la chini hata ikiwa imetunzwa, huku ya saruji iliyopasuka, ambayo mwenyewe hana fedha ya kumwita fundi, ikibaki daraja la juu. Kipimo hicho kina upungufu. Wanaopanga miradi ya nyumba bora vijijini wanapaswa kuuliza pia ni nani atakayeweza kuikarabati nyumba hiyo, kwa kifaa gani, na kwa fedha ya nani.