Bawa la Mnandi: Rangi, Maji na Mizani

Hakuna ndege anayemfaa mchoraji anayejifunza kuliko mnandi, na pengine hakuna aliyepuuzwa na wachoraji wetu kama yeye. Akitoka kuzamia huparamia jiwe au ncha ya mtumbwi, akatandaza mabawa yake mawili, akatulia vivyo hivyo jua limkaushe. Manyoya yake ya nje hulowa, tofauti na ya bata, na kulowa huko humpunguzia kuelea anapomfukuza samaki chini ya maji. Gharama yake ni huku kuanika. Mchoraji aliyeketi mwaloni na karatasi yake magotini amepata kielelezo ambacho wenzake wa nchi nyingine wamekitafuta kwa bunduki.

Goziba ni kisiwa cha wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kilicho mbali katika maji ya Ziwa Viktoria. Anayekijua hukijua kwa dagaa na sangara. Hakitajwi katika habari za sanaa, wala hapana sababu ya kujifanya kwamba kimewahi kutajwa. Lakini swali la namna ya kuchora unyoya, ambalo kwa mbali laonekana dogo, likiletwa mpaka mwalo wa kisiwa kama hiki huwa kubwa: je, kijana wa ziwani amchore ndege anayemwona, au ndege anayeuzika?

Mtu akitaja picha ya ndege katika Tanzania, jicho la akili huona kwanza Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya silingibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Wafuasi wake wakaunda ushirika uliosajiliwa mwaka 1990. Picha zake mwenyewe ni za ukimya: mnyama mmoja au ndege mmoja, nyuma yake rangi tupu, na macho yanayomtazama mtazamaji kana kwamba yeye ndiye aliyeingia bila hodi.

Unyoya katika picha za wafuasi ni jambo jingine. Huwa nukta, au magamba yaliyopangwa safu juu ya safu, kuanzia shingoni mpaka mkiani, kwa ukubwa ule ule. Kwa kanga, mpango huu hauna kosa. Kanga kweli ana madoa meupe yaliyopangika, na mapokeo husema ndiye aliyelipa jina vazi la mama zetu wa pwani. Kwa tausi nao hupita, maana tausi mwenyewe ni pambo litembealo. Tatizo huanza pale mpango huo unapovikwa kila kiumbe chenye mdomo. Mnandi akichorwa hivyo huwa samaki mwenye miguu.

Haifai, hata hivyo, kuwahukumu wachoraji hao kwa haraka. Rangi ya baiskeli hukauka polepole na haipendi kuchanganywa juu ya ubao. Humlazimisha mkono kuweka doa safi na kuondoka. Nukta, basi, ni jibu la fani kwa tabia ya rangi kabla ya kuwa mtindo wa soko. Nakala zilizofuata zimelisha watoto na kuwalipia ada. Kinacholaumika ni kuchukua jibu la swali moja na kulitoa kwa maswali yote.

Wasomaji wa mashairi wataitambua kesi hii, kwani iliwahi kusikilizwa kwetu. Kaluta Amri Abedi alizikusanya sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wengi wakaziona vina na mizani kuwa ndilo shairi lenyewe. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili, alitoa *Kichomi*, na wanamapokeo wakauliza iwapo maneno yasiyo na urari yaweza kuitwa shairi. Safu za magamba ni vina vya mchoraji wa Tingatinga: hurudi mahali palepale, humpendeza mtazamaji kwa kurudi kwake, na humwepusha mchoraji na hofu ya ubao mtupu. Anayeziacha amejitwika mzigo. Kezilahabi alipoacha vina ilimbidi kila mstari autafutie pumzi yake. Na anayeacha magamba hana budi kuutafutia kila unyoya mahali pake.

Hapo ndipo brashi ya maji inapoingia. Ni kifaa kidogo: mpini wa plastiki ulio kitangi cha maji, ukiuminya maji hushuka kwenye nywele za brashi. Ilizoeleka na rangi za maji, lakini wapo wanaoitumia na akriliki, rangi iliyoanza kutengenezwa kwa kuyeyushwa majini katika miaka ya 1950. Ndoa yao ina ugomvi. Akriliki hukauka kwa dakika chache, na juani mwaloni kwa chache zaidi. Ikikaukia ndani ya nywele, brashi imekufa. Mwanafunzi mvivu wa kuosha hatafika popote. Asiijaze rangi ndani ya mpini. Rangi ibaki kwenye kigae, mpini ubebe maji matupu. Lakini ugomvi huo una fadhila yake: akriliki ikishakauka hairudi kuyeyuka, kwa hiyo tabaka jembamba la pili haliichafui la kwanza. Unyoya wenyewe umejengwa kwa tabaka.

Somo la kwanza, basi, si la rangi. Unyoya ulioanguka uokotwe, utazamwe. Bua halipiti katikati: katika manyoya ya kurukia, upande unaokata upepo ni mwembamba kuliko wa pili. Nyuzi zake huinamia ncha, na hapa na pale zimeachana, pakawa na mwanya. Manyoya ya nchani mwa bawa ni kumi hivi, marefu na magumu. Yanayoyafunika ni mafupi, yamelaliana kama vigae. Na chini kabisa yapo malaika, ambayo hayachorwi kwa mstari hata kidogo, ni unyevu tu wa brashi ulioachwa utambae. Mchoraji aliyeyapa yote umbo moja hakukosea mkono. Hakutazama.

Kisha weusi. Mnandi huitwa mweusi, lakini asubuhi mgongo wake una kijani na buluu iliyozama. Mng'ao huo hutokana na jinsi umbo la unyoya linavyouvunja mwanga, kwa hiyo haumo katika kichupa chochote cha rangi. Aliyempaka nyeusi ya kichupani amepata kivuli cha ndege. Afadhali kijani kitangulie, kikauke, kisha juu yake upitishwe weusi mwembamba uliochanganywa kwa buluu nzito na kahawia, tabaka moja, pengine mawili, na mahali pa mng'ao pasiguswe tena. Kujizuia huko ndiko kugumu. Yangeyange anadai zaidi: weupe wake ni karatasi yenyewe, na kinachochorwa ni maji yaliyo nyuma yake.

Huko Ulaya, Albrecht Dürer alichora bawa la ndege wa buluu, picha iliyotiwa mwaka 1512. Ndege wa jamii ile huikimbia baridi ya kwao na kuja Afrika Mashariki kila mwaka, hivyo bawa hilo si geni kwetu kama jina la mchoraji. Ni bawa lililong'olewa, na uzuri wake una ubaridi wa nyama ya buchani. Audubon naye, mwenye picha 435 za ndege wa Marekani zilizochapishwa kati ya 1827 na 1838, aliwapiga risasi kisha akawasimamisha kwa waya. Usahihi wao hauna mshindani. Lakini usahihi huo ulinunuliwa kwa kuusimamisha wakati, na ndege wa Audubon mara nyingine husimama kama aliyeamriwa.

Mnandi wa Goziba husimama kwa hiari, na kwa muda. Bawa lililolowa halifanani na lililokauka: mwanzoni manyoya yameshikamana makundi makundi, nchani mna matone; baadaye nyuzi zinaachana, kijani kinapanda, mabega yanashuka. Karatasi nayo inakauka kwa mwendo huo huo. Tabaka la kwanza huchorwa ndege akiwa mbichi, la mwisho akiwa mkavu, na kati yake mchoraji ameosha brashi mara kadhaa kwa maji aliyotokea ndege. Halafu mtumbwi wa dagaa unapita karibu, mnandi anayakunja mabawa, na jicho bado halijachorwa.