Michelle Yeoh na Ufundi wa Kuanguka

Mwaka 1983 mama mmoja wa Ipoh, Malaysia, alimwandikisha binti yake, Michelle Yeoh, kwenye shindano la urembo bila kumwambia. Binti alikuwa ametoka masomoni Uingereza, alikokwenda kujifunza baleti hadi mgongo ukamsaliti na ndoto ya jukwaa ikakatika. Alikubali kushiriki ili mama anyamaze. Akashinda. Akavikwa taji la Malaysia na kupelekwa London kwenye Miss World.

Taji lilimletea tangazo la saa alilocheza na Jackie Chan, na tangazo likamfikisha kwenye kampuni ya filamu ya Hong Kong. Mwaka 1984 akapewa nafasi ya mwanamke mpole, huku wanaume wakirushiana mateke pembeni yake. Yeye aliwatazama kwa jicho la mchezaji ngoma: akaona hesabu ya hatua, zamu ya kutoa na zamu ya kupokea, pumzi inayobanwa na kuachiwa. Mambo hayo alikuwa ameyafanyia kazi tangu utotoni. Akaomba naye afundishwe kupigana.

Ombi hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Hong Kong ya miaka ile haikuwa na kompyuta ya kumbandika mwigizaji angani. Kulikuwa na waya, maboksi ya kuangukia na watu wenye makovu. Mwigizaji aliyetaka mtazamaji amwamini alipaswa kuonyesha uso wake wakati mwili unaanguka. Katika Yes, Madam ya mwaka 1985, Yeoh anajirusha kinyumenyume ukingoni, anapasua kioo na kuwabwaga wanaume wawili. Mrembo wa taji akawa askari polisi, na watazamaji wakanunua tiketi.

Aliolewa mwaka 1988, akaacha filamu. Ndoa ilipovunjika alirudi, na mwaka 1992 akaonekana tena na Jackie Chan katika Police Story 3. Humo anapaa na pikipiki na kutua juu ya treni inayotembea, ilhali kuendesha pikipiki kwenyewe alijifunza kwa ajili ya filamu hiyo. Mwishoni, majina yanapopita, tunaonyeshwa jaribio lililoharibika: anatupwa juu ya boneti ya gari, anakosa pa kushika, anateleza hadi kwenye lami. Kisha alirudia. Napenda kwamba waliliacha lionekane, kwa sababu mtazamaji anastahili kujua gharama ya kile anachokishangilia.

Gharama ilipanda. Mwaka 1996, akiigiza maisha ya mwanamke anayecheza matukio ya hatari kwenye filamu, aliruka kutoka darajani, akatua vibaya na kulazwa hospitali. Alifikiria kuacha kabisa. Mwongozaji Quentin Tarantino alimtembelea na kuanza kumsimulia matukio ya filamu ambazo Yeoh alikuwa ameigiza, moja baada ya jingine, na kadiri alivyosikiliza ndivyo hamu ya kazi ilivyomrudia.

Lakini anayetaka kuelewa ufundi wake aanze na Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, kazi ya mwongozaji Ang Lee. Kano ya goti ilimkatika wakati wa upigaji picha, akafanyiwa upasuaji Marekani, akarudi. Kimandarini hakukijua vizuri. Maneno aliyakariri kwa sauti zake. Sasa litazame lile pambano la ukumbini. Mpinzani wake, Zhang Ziyi, ana upanga unaokata kila kitu, kwa hiyo Yeoh anabadilisha silaha mara kwa mara: panga pacha, mkuki, kulabu. Anajaribu kuinua silaha nyingine nzito, inamshinda uzito, inaanguka. Sekunde chache tu, lakini humo kuna hasira, uchovu na aibu ya shujaa aliyeishiwa zana, na hakuna neno lililotamkwa. Mabega yanatosha.

Mwezi Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 60, akawa mwanamke wa kwanza wa Asia kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Everything Everywhere All at Once. Nafasi aliyoigiza hapo mwanzo ilifikiriwa kwa Jackie Chan, kisha waandishi wakaigeuza iwe ya mwanamke: Evelyn, mwenye duka la kufulia nguo, anayesumbuliwa na ofisi ya kodi. Watu wengi waliisifu kwa machozi yake. Mimi naisifu zaidi kwa jinsi Evelyn anavyopigana mwanzoni, kabla hajajua kupigana. Mguu unachelewa, ngumi inakwenda pasipo shabaha, mizani inapotea. Mwanamke aliyetumia takribani miaka 40 kuusahihisha mwili wake aliufundisha upya kukosea, na kukosea huko kukaonekana halisi hata mtazamaji asikumbuke kwamba anayeyumba pale aliwahi kutua na pikipiki juu ya treni.