Nuru mkononi mwa mwanafunzi: telefone inaona jani, haioni muzizi



Tangu 2020, wakati masomo ilifungwa juu ya Korona, kila mtu anaongea "teknolojia shuleni". Mara mingi maana yake ni hii tu: mwalimu anapiga foto ya kaye yake, anaituma ku WhatsApp, mwanafunzi anakopi. Ule ni ubao uleule, umekuwa tu mudogo na unakula mega. Kwa hiyo leo nataka tuangalie kitu kimoja chenye kilitengenezwa vingine, tena chenye kinatugusa sisi wa agronomi: programu PlantVillage Nuru.

Kwa wenye hawaijui: ilitengenezwa na watu wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA. Inaingia ku telefone ya Android ya kawaida. Unasogeza kamera karibu na jani la muhogo, inakuonyesha pale inaona shida na kukuambia kama ni mozaiki, michirizi ya kahawia, ao kazi ya utitiri wa kijani. Ukisha kuipakua, inatambua ugonjwa hata pasipo rezo. Na inasema Kiswahili.

Sikuiangalia kama chombo cha mulimaji. Wengi wamekwisha kuandika juu ya ile. Niliiangalia kama somo. Je, mwanafunzi wa sekondari ya kilimo akiishika, anajifunza kitu?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sababu moja kubwa: inamutoa darasani. Tunajua namna tulifundishwa. Unakariri *Bemisia tabaci*, unaiandika ku egzameni, unapata pointi zako, na hujageuza jani hata moja kuona kama wale nzi weupe wako chini yake. Na wako chini kweli, pale ndipo wanakaa. Programu hii haifanye kazi bila jani. Lazima uingie shambani, uiname, uchague mumea. Kwa shule yenye haina laboratwari, ile si kitu kidogo.

Sasa tufike penye inauma. Utafiti wenye ulichapwa mwaka 2020 ulipima Nuru pamoja na watu. Kutambua alama za magonjwa ya muhogo, Nuru ilifikia 65%. Walimaji walikuwa kati ya 18 na 31%. Na maajenti wa kilimo, ni kusema watu kama sisi, wenye diplome, walikuwa kati ya 40 na 58%. Wamoja watasema hivi telefone imetushinda, basi tuuze diplome zetu. Mimi naona hesabu hii inashitaki zaidi namna ya kufundisha. Mutu mwenye alisoma magonjwa ya mimea ku ubao mweusi na chaki nyeupe, rangi ya manjano ya mozaiki ataijua wapi?

Lakini utafiti uleule uko na kitu kingine, na kwangu ndicho kizuri kupita vyote. Ukipima majani sita ya mumea mumoja pahali pa jani moja tu, Nuru inapanda mpaka kati ya 74 na 88%. Hapo uko na somo zima la statistiki bila fomula! Muulize mwanafunzi: kwa nini majani sita? Kwa nini usichukue yote juu, ao yote chini? Atagundua mwenyewe kama utitiri wa kijani unapenda majani machanga ya juu, na kama michirizi ya kahawia inaonekana zaidi ku majani ya zamani ya chini. Mwalimu mwenye kuacha watoto wapime jani moja na kurudi, ameacha somo shambani.

Mubaya wake ni haraka. Niliona darasa moja likiitumia, vijana kumi na kitu kwa telefone mbili. Kisha dakika tano hakuna mwenye alikuwa anaangalia muhogo tena, wote wanaangalia kioo. Telefone ikisema mozaiki, wanaandika mozaiki. Kijana mumoja aliuliza kama ile manjano haiwezi kuwa udongo wenye umechoka. Swali la kweli la agronome! Lakini wenzake walimujibu: "Nuru imekwisha kusema." Nilisikia vibaya, juu hapo chombo kimekuwa tena yule mwalimu wa zamani mwenye haulizwi.

Dawa yake haiombi feza. Telefone ibaki mufukoni kwanza. Kila mutu achore jani, aandike jina la ugonjwa na sababu yake, kisha ndipo kamera ifunguliwe. Wakipingana na programu, wabishane. Tena wako na haki ya kubishana: foto za kwanza zenye zilifundisha mashini hii zilipigwa mashambani ya Tanzania, na sisi huku tuko na aina zetu za mihogo. Darasa lenye kuhesabu mara ngapi Nuru ilikosa ku shamba la shule linafanya utafiti wa kweli.

Kuna pia vitu kamera haiwezi. Michirizi ya kahawia inaozesha muzizi, na mara ingine unangoa mumea wenye majani mazuri, unakata, unakuta ndani kahawia kavu. Jembe na kisu vinabaki vyombo vya somo. Tena telefone haiulize vijiti vya kupanda vilitoka kwa nani, na ugonjwa unatembea sana kupitia vile vijiti jirani anapana bure. Ile swali ni ya kumuuliza mama mwenye shamba, kwa heshima, ukiwa umekaa.

Kwa maprefe wenye kukataza telefone kabisa, nawaelewa, naona vile vijana wanaangalia ku vioo. Lakini somo hili halihitaji kila mwanafunzi awe na yake. Telefone moja ya shule, yenye kufungiwa ku biro, inatosha kikundi cha sita, jani moja kwa kila mutu. Na yule mwenye hana telefone nyumbani hatasikia haya.

Kwa migomba iko programu ingine, Tumaini, na yenyewe foto zake zamoja zilipigwa hapa kwetu Kongo. Wenye mumekwisha kuijaribu ku mashamba yenye mnyauko, andikeni hapa chini iliona nini na ilikosa nini.