Asilimia 28 ya nani? Tuusome upya utafiti maarufu wa wanariadha na mkojo

Kama umewahi kucheza netiboli shuleni, huenda ulimjua msichana aliyevaa pedi hata siku ambazo hakuwa kwenye hedhi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwenye timu yetu alikuwepo. Niliposoma makala ya Ingrid Nygaard na wenzake ya mwaka 1994, ndiye niliyemkumbuka.

Swali lao lilikuwa rahisi. Waliwapa dodoso wanariadha wa kike wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, wastani wa umri karibu miaka 20, ambao hawajawahi kuzaa. Wakajibu 144. Asilimia 28 walisema mkojo huwatoka bila kutaka wakiwa michezoni. Kwenye jimnastiki ilikuwa asilimia 67, mpira wa kikapu 66, tenisi 50. Gofu? Sifuri.

Tumezoea kusikia kwamba kuvuja mkojo ni habari ya mama aliyezaa wengi au bibi mzee. Makala hii ilionyesha wasichana wenye miili ya mazoezi wakivuja, na kwa hilo tu naiheshimu. Jinsi inavyotokea inaeleweka: misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa chini ya kibofu kama kitanda cha kamba. Ukitua kutoka juu, shinikizo la tumbo hupanda ghafla na kukisukuma kibofu chini. Misuli isipokaza kwa wakati, mrija wa mkojo haubanwi vya kutosha.

Sasa ngoja. Ugomvi wangu ni jinsi namba hizi zinavyotumiwa siku hizi, hasa kwenye zile video za "acha kuruka kamba, utalegeza nyonga".

Tazama mpira wa wavu: asilimia 9 tu. Kama kuruka peke yake ndiyo mchawi, mbona wacheza wavu wamepona? Huenda ni bahati ya namba ndogo. Watu 144 ukiwagawa kwenye michezo yote ya chuo, kila mchezo unabaki na kikundi kidogo, na wasichana wawili watatu wakibadili jibu, asilimia inakuwa nyingine kabisa. Wanaonukuu ile 67 ya jimnastiki mara chache hutaja hii 9.

Halafu dodoso ni picha ya siku moja. Linakuambia nani anavuja leo akiwa uwanjani. Halisemi kama mchezo umemharibu. Na kuna kasoro inayonisumbua zaidi: waliojibu ni wale waliobaki kwenye timu. Msichana aliyeacha mchezo akiwa sekondari kwa sababu ya aibu hayumo humo. Yaani hata ukubwa halisi wa tatizo hatuujui kutokana na namba hii.

Nygaard mwenyewe alilirudia swali mwaka 1997, safari hii kwa wanawake walioshiriki Olimpiki kati ya 1960 na 1976. Aliwalinganisha waogeleaji na wanajimnastiki na wanariadha wa mbio na miruko. Enzi za mashindano, waogeleaji walivuja kidogo sana kuliko wenzao. Miaka mingi baadaye, tofauti ya maana haikuonekana tena. Nao ni utafiti mdogo, na unategemea kumbukumbu za zamani. Lakini kama mtu anataka kumtisha binti yake asiruke, inabidi kwanza aujibu huu.

Tunachokijua vizuri zaidi ni kwamba misuli hii inafundishika. Mwaka 1999 Kari Bø na wenzake huko Norway walichapisha jaribio la wanawake 107 waliokuwa wakivuja mkojo wanapokohoa, kucheka au kuruka. Waliofanya mazoezi ya kukaza sakafu ya nyonga kwa miezi sita, wakisimamiwa, walipata nafuu kuliko wasiotibiwa, na kuliko waliotumia umeme au vile vyuma vidogo vya kubana ukeni. Hawakuwa wanariadha wa kiwango cha juu, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba kipimo hichohicho kinamtosha mtu anayetua mara mia kwa siku.

Yule mwenzetu wa netiboli aliacha kucheza kidato cha tatu. Kocha aliandika "majukumu ya nyumbani".